Zawose Queens: Waitikiaji wa Bagamoyo waliosogea mbele ya jukwaa

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

MWAKA 2024 kundi la muziki kutoka Bagamoyo lilitoa albamu yake ya kwanza kupitia kampuni ya kurekodi ya Real World ya Uingereza, na katika majira ya joto ya mwaka huo likapanda majukwaa ya matamasha nchini humo, likiwamo lile la WOMAD. Kundi hilo ni The Zawose Queens, na albamu yenyewe inaitwa Maisha. Wanaoliongoza ni wanawake wawili wa ukoo mmoja, Pendo Zawose na Leah Zawose. Pendo ni binti wa marehemu Dk. Hukwe Zawose, na Leah ni mjukuu wake.

Kwa msomaji aliyezoea Bongo Fleva, taarab au singeli, muziki huu huleta maswali mengi kuliko majibu. Ndani yake mna ilimba na zeze, mna ngoma za Kigogo, na chini ya hivyo vyote mna besi nzito na sauti za mitambo ambazo mpenzi wa roki wa Ulaya hazimshangazi hata kidogo. Je, huu ni muziki wa asili, ni roki, au ni kitu cha tatu ambacho bado hakijapewa jina? Na kwa nini wanawake waliokulia katika nyumba mashuhuri kwa muziki walisubiri zaidi ya miaka 20 tangu kifo cha mzee wao ndipo majina yao yaandikwe mbele?

Makala haya yanajaribu kueleza mambo matatu: kundi hili limechota wapi, sauti yake imeundwa namna gani, na linataka kufika wapi.

Ugogo uliohamia pwani

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba muziki huu wa Bagamoyo si wa pwani kwa asili. Wenyeji wa wilaya hii, kuanzia mjini Bagamoyo hadi Miono na vijiji vinavyoelekea Saadani, ni Wakwere, Wazigua na Wadoe, wenye ngoma zao wenyewe. Muziki wa akina Zawose ni wa Wagogo, watu wa Dodoma, katikati ya nchi.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipita Ugogo na kuishia Bagamoyo. Safari ya akina Zawose, hata hivyo, ilifanywa na Serikali. Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitaka ngoma za makabila zitoke vijijini na kuwa mali ya Watanzania wote. Baadaye wachezaji na wapigaji hodari kutoka mikoani walikusanywa Dar es Salaam katika kundi la ngoma la taifa. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, alikuwa miongoni mwa walioitwa mjini katika muongo huo wa kwanza wa uhuru.

Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Mzee Zawose alikuwa mmoja wa walimu wa chuo hicho. Familia yake ikakaa Bagamoyo, watoto wakazaliwa Bagamoyo, na Kigogo kikaendelea kuimbwa mita chache kutoka Bahari ya Hindi.

Kwa hiyo Pendo na Leah walirithi muziki uliokwisha kuhama mara moja. Waliujifunza nyumbani, kutoka kwa wazee, mbali na mazizi na mashamba ya mtama yaliyouzaa. Ukweli huo ni muhimu kwa atakayesikiliza Maisha, kwani muziki uliowahi kuhama hauogopi sana kuhama tena.

Ilimba na mlio wa saba

Ili kuelewa sauti ya kundi hili, ni vema kuanza na ilimba. Hiki ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vingi vya chuma vilivyopangwa juu yake, na mpigaji huvibonyeza na kuviachia kwa vidole. Baadhi ya vijiti havipigwi kabisa. Vimewekwa ili viitikie vyenyewe pale jirani zao wanapotikiswa. Katika tundu la kisanduku hubandikwa utando wa buibui, nao huipa ilimba ule mvumo kama wa nyuki ambao fundi mitambo asiyeijua anaweza kudhani ni kasoro ya spika.

Zeze la Kigogo, ambalo wenyewe huliita chizeze, hupigwa kwa upinde. Kasha lake la sauti ni kibuyu kilichowambwa ngozi. Ngoma na njuga za miguuni hushika mwendo, na juu ya vyote huja kwaya, yaani sauti kadhaa zinazokwenda pamoja kwa kupishana nafasi, moja juu na nyingine chini, bila kuvunja wimbo.

Kinachofanya muziki huu utambulike mara moja ni ngazi yake ya sauti. Uzi wowote ukipigwa hutoa mlio mkubwa, na ndani ya mlio huo mna milio mingine midogo inayopanda kwa mpangilio wa maumbile: wa pili, wa tatu, wa nne na kuendelea. Wataalamu wa muziki wa Afrika wameonyesha kwamba Wagogo walijenga ngazi yao ya sauti tano juu ya milio hiyo ya maumbile, hasa ule wa sita hadi wa kumi.

Hapa ndipo ugumu wa kuchanganya ilimba na gitaa unapoanza. Piano na gitaa la kisasa vimegawanya ngazi ya sauti katika sehemu 12 zilizo sawa, na vile vyuma vidogo vilivyopangwa shingoni mwa gitaa ndivyo vinavyolinda mgawanyo huo. Mlio wa saba wa maumbile, ambao Mgogo huuimba bila shida, haumo katika sehemu hizo 12. Uko chini kidogo ya kitufe cha piano kilicho karibu nao, kwa takriban theluthi moja ya nafasi iliyopo kati ya kitufe kimoja na kinachofuata. Kwa kusoma ni nafasi ndogo, lakini sikio huitambua papo hapo.

Mtengenezaji wa muziki anayeweka kinanda juu ya kwaya ya Kigogo bila kulijua hilo hupata moja ya mambo mawili. Ama waimbaji watafuata kinanda na kupoteza Ugogo wao, ama watashikilia sauti yao na wimbo utasikika kama ulioharibika. Nyimbo nyingi za asili "zilizoboreshwa" zimeangukia katika shimo hilo.

Umeme haukuanza jana

Kuchanganya ngoma na vyombo vya umeme si jambo geni nchini. Katika miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, bendi iliyopiga roki na fanki kwa ladha ya Kiafrika na kuimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Ilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha mwaka 1976 ikatoa albamu yake, Ave Africa, nchini Zambia. Albamu hiyo ilisahaulika kwa miongo kadhaa hadi mwaka 2016, ambapo kampuni ya Strut ya Uingereza iliikusanya pamoja na rekodi nyingine za bendi hiyo na kuitoa upya.

Mazingira ya wakati ule hayakuwa rahisi. Mwaka 1969 mamlaka za Dar es Salaam zilipiga marufuku muziki wa soul kwa madai kwamba unaharibu vijana. Mwanamuziki aliyetaka gitaa lake lilie kwa sauti kubwa alilazimika pia kuonyesha kwamba anaijua ngoma ya kwao. Sharti hilo la kisiasa, pamoja na ukali wake, lilizaa maswali ambayo wanamuziki wa leo wanayajibu kwa hiari.

Familia ya Zawose nayo ilikutana na roki mapema. WOMAD, tamasha lililowapokea Queens, na Real World, kampuni iliyotoa albamu yao, vyote vina mkono wa Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa bendi ya roki ya Genesis. Tamasha la kwanza la WOMAD lilifanyika mwaka 1982, na Real World ikaanzishwa mwaka 1989. Mzee Hukwe alitoa albamu ya Chibite kupitia kampuni hiyo katika miaka ya 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akafuatisha Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada anayesifika kwa gitaa lenye mlio usiokatika. Mzee alifariki dunia Desemba 2003.

Mwanawe, Msafiri Zawose, aliendeleza safari hiyo. Mwaka 2017 alitoa albamu ya Uhamiaji kupitia kampuni ya Soundway, ambamo ilimba ilikutana na sintesaiza na midundo ya mitambo. Kwa maneno mengine, Queens walipofika studio walikuta njia imekwisha kufyekwa na watu wa nyumbani kwao.

Tofauti ni namna walivyoipita. Maisha ilitengenezwa na Waingereza wawili, Oli Barton-Wood na Tom Excell, na huyo wa pili anajulikana kama mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya Nubiyan Twist. Katika albamu hiyo mitambo haikupewa kazi ya kuimba. Kwa sehemu kubwa imewekwa chini, kwenye besi, mdundo na mvumo wa nyuma, mahali ambapo haigombani na ngazi ya sauti ya Kigogo. Wimbo wenyewe umeachwa kwa sauti za wanawake hao, ilimba na zeze. Ni suluhisho la kiufundi, lakini pia ni uamuzi kuhusu nani mwenye nyumba na nani mgeni.

Je, hiyo ni roki? Kwa atakayetafuta magitaa matatu na ngoma za kizungu, jibu ni hapana. Kwa atakayetafuta kile ambacho roki ilikipenda tangu mwanzo, yaani kipande kifupi kinachorudiwa hadi mwili ukikubali, sauti iliyopandishwa kwa umeme na wimbo uliotungwa kwa ajili ya watu waliosimama, basi undugu upo. Ngoma ya Kigogo ilikuwa na sifa ya kwanza na ya tatu kabla ya gitaa la umeme kubuniwa. Kilichoongezwa ni umeme.

Wanawake na haki ya kuanzisha

Kiini cha habari hii, hata hivyo, hakipo kwenye mitambo. Kipo kwenye mpangilio wa watu jukwaani.

Kwa desturi, ilimba na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume, na mwanamume ndiye aliyeanzisha wimbo. Wanawake waliitikia, walipiga vigelegele na kucheza. Katika makundi ya familia yaliyopata kusafiri nje ya nchi, mpangilio huo ulibaki vilevile: jina la mzee mbele, kwaya nyuma. Pendo na Leah walikulia katika nafasi hiyo ya kuitikia.

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba wanawake wa Kigogo hawakuwa na chombo chao. Walikuwa na muheme. Hizi ni ngoma ambazo mwanamke huzibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, na zimefungamana na sherehe za unyago wa wasichana. Anayezipiga anahitaji nguvu, pumzi na kumbukumbu, kwani ngoma moja hujibu nyingine na hakuna anayeruhusiwa kupotea. Mmoja wa nyimbo za Maisha umepewa jina hilohilo, Muheme.

Hapo ndipo mtu anapoona kwamba kundi hili limefanya mambo mawili kwa pamoja. Limeingia katika eneo la wanaume kwa kushika uongozi wa wimbo, na pia limelileta mbele eneo ambalo tangu zamani lilikuwa la wanawake lakini halikuonwa na wageni kuwa ndilo lenye thamani. Watalii na watafiti wengi waliofika Bagamoyo walikuja kumtafuta bingwa wa ilimba. Wachache walikuja kuuliza nani anaongoza kwaya.

Mabadiliko hayo hubadili hata umbo la wimbo. Anayeanzisha ndiye anayechagua maneno, anayeamua lini wimbo upumzike na lini upande. Mwitikiaji, hata awe na sauti nzuri kiasi gani, hutembea katika njia iliyochaguliwa na mwingine. Katika Maisha, sauti hizo mbili huanzisha na kuitikiana zenyewe kwa Kigogo na Kiswahili, kiasi kwamba ni vigumu kusema nani yuko mbele na nani yuko nyuma.

Hakimiliki ya wimbo usio na mtunzi

Lengo la kisanaa la kundi linaonekana katika kazi yenyewe: kuuweka muziki wa Kigogo katika sauti ya leo bila kuung'oa mizizi, na kuwapa wanawake wa ukoo huo nafasi ya kuishi kwa kazi yao. Lengo hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Muziki wa asili una tatizo la kisheria ambalo muziki wa dansi hauna. Wimbo wa dansi una mtunzi, naye anaweza kujisajili na kudai malipo. Wimbo uliorithiwa kutoka kwa mababu hauna mtunzi anayejulikana, na mara nyingi anayebaki na haki iliyo wazi ni yule aliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, ina sehemu inayozungumzia ulinzi wa sanaa za jadi, lakini ulinzi wa maandishi haumfikishii malipo mwimbaji wa kwaya ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kwa mtazamo huo, kuandika "Pendo na Leah" kwenye jalada si suala la umaarufu pekee. Jina kwenye jalada ni jina kwenye mkataba. Kwa waliokuwa waitikiaji, ambao sauti zao zilisafiri chini ya jina la mtu mwingine, hiyo ni tofauti kati ya kualikwa safari na kulipwa kwa kazi.

Ugumu mwingine ni soko la nyumbani. Vituo vingi vya redio vya Dar es Salaam vinaishi kwa Bongo Fleva, na kumbi za burudani hupenda msanii mmoja mwenye kipaza sauti na muziki uliorekodiwa tayari. Kundi lenye ilimba, zeze, ngoma na waimbaji linahitaji vipaza sauti vingi, fundi anayejua mvumo wa utando wa buibui si hitilafu, na nauli ya watu wengi. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004 likisisitiza muziki unaopigwa moja kwa moja, na Tamasha la Bagamoyo linaloandaliwa na TaSUBa, yanasaidia, lakini matamasha hayo huja na kuondoka, na msanii hula mwaka mzima.

Kundi lenye historia kama hii likisikika Uingereza kuliko linavyosikika Kinondoni, hasara si ya wasanii peke yao. Sunburst walisubiri miaka 40 ili kampuni ya ng'ambo iwakumbushe Watanzania kwamba waliwahi kuwa na bendi ya namna ile. Hakuna sababu ya kurudia somo hilo.

Funzo kwa vijana wa Miono

Kutoka mjini Bagamoyo hadi Miono, iliyo katika Halmashauri ya Chalinze ndani ya wilaya hiyohiyo ya Bagamoyo, ni safari ya saa chache tu. Huko nako wako vijana wanaotamani kuanzisha bendi, na kwa kawaida hesabu yao ya kwanza huwa ni magitaa, vipaza sauti na jenereta, vitu ambavyo bei yake humaliza ndoto kabla wimbo wa kwanza haujatungwa.

Zawose Queens wanaonyesha hesabu nyingine. Walianza na kile kilichokuwepo nyumbani: sauti, mikono, ngoma na ilimba. Walikijua vizuri kiasi cha kutambua mahali ambapo umeme unaweza kukaa bila kukiharibu. Kijana wa Kikwere au wa Kizigua hana haja ya kuimba Kigogo ili afuate mfano huo. Ngoma za kwao zina mwendo wake, zina ngazi yake ya sauti, na zina wanawake wanaozikumbuka nyimbo zote huku wakikaa mstari wa nyuma.

Anayetaka kuunda bendi mpya katika ukanda huu angefanya vema kuanza kwa kuwasikiliza wanawake hao, akiwa na daftari mkononi, na akiandika majina yao ukurasa wa kwanza. Gitaa litafuata.